Karatasi ya Ulemavu na Safari ya Chuo Kikuu: Kweli au Si Kweli?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, hapa kwetu Idete, bonde la Kilombero, kila mtu huwa mshauri. Mpunga umeshaingia ndani, watu wana nafasi ya kukaa barazani, na kijana wenu asiyeona vizuri, au asiyesikia, au anayetembelea magongo, amefaulu kwenda chuo kikuu. Mjomba ana neno lake. Jirani ana lake. Aliyewahi kukaa Dar es Salaam miezi mitatu ana mengi zaidi. Wewe msomaji nawe umeyasikia: karatasi ya nini wakati ulemavu unaonekana, ukijitaja utanyimwa nafasi, muhuri wowote unatosha.

Hakuna anayemtakia kijana mabaya. Lakini neno la barazani likiwa na kasoro, anayelilipia ni yule aliyepanda basi. Kwa hiyo nimeyachukua maneno hayo moja moja na kuyapima: kwa sheria ya nchi, kwa taratibu za ofisi zinazohusika, na kwa yale ambayo kipimo cha hospitali kinaweza kuyasema. Mengine yameanguka. Mengine, hasa ya wazee, yamesimama imara.

“Ulemavu wake unaonekana. Karatasi ya nini?”

Si kweli.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtambua mtu mwenye ulemavu kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni upungufu wenyewe, uwe wa mwili, wa akili au wa milango ya fahamu. La pili ni vizuizi anavyokutana navyo: mitazamo ya watu, mazingira, taratibu za taasisi. La kwanza labda utaliona kwa macho. La pili hulioni mpaka uelezwe.

Mchukue kijana mwenye ualbino. Ukimwona kwa mbali unafikiria ngozi, kofia na mafuta ya kujikinga na jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Hayo ni ya lazima kwa uhai wake. Ila ndani ya ukumbi wa mihadhara, mara nyingi tatizo lake kubwa liko machoni. Macho hucheza, mwanga humwumiza, na miwani haimrudishii uoni wote. Mhadhiri anamwona kabisa kwamba ana ualbino na bado hajui kwamba haoni hata mstari mmoja wa ubaoni.

Kila mwaka Jeshi la Kujenga Taifa likiwaita wahitimu wa kidato cha sita kwa mujibu wa sheria, tangazo huwaelekeza vijana wenye “ulemavu wa kuonekana” waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, kwa sababu ndiyo yenye miundombinu ya kuwahudumia. Kwa kambi, maneno hayo yana maana yake. Kwa chuo hayatoshi hata kidogo. Uziwi hauonekani. Kifafa hakionekani mpaka siku ya degedege. Ugonjwa wa akili uliotulizwa na dawa hauonekani. Wenye hali hizo wakimsubiri mhadhiri awagundue, watasubiri hadi mahafali.

Uganda nako, ambako zipo nafasi 64 za udhamini wa serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vikuu vya umma, waombaji huitwa kuhakikiwa kwanza. Macho ya watu hayajawahi kuwa hati.

“Barua yoyote yenye muhuri inatosha.”

Si kweli, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama wakiwa na karatasi mkononi.

Niliwahi kuishika barua moja ya namna hiyo. Ofisi iliyoitoa siitaji. Karatasi ilikuwa safi, nembo juu, muhuri wa bluu chini. Katikati ilisema: “YAH: UTHIBITISHO WA ULEMAVU. Mtajwa hapo juu ni mlemavu wa macho. Tafadhali apewe ushirikiano.” Basi. Kijana aliibeba ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha akaivika mfuko wa nailoni isilowe njiani. Alipofika chuoni akaulizwa: haoni kabisa, au anaona kidogo? Anasoma nukta nundu au herufi kubwa? Ushirikiano upi? Barua haikuwa na jibu hata moja. Ikabidi atafute hospitali, apimwe upya, alipe upya, huku wenzake wakifanya majaribio ya kwanza.

Aliyeiandika barua ile hakuwa na nia mbaya. Aliandika barua ya kuombea huruma, na chuo kinahitaji barua ya kufanyia kazi.

Barua ya kufanyia kazi hujibu maswali ambayo mtu wa ofisini angeuliza. Nani amepima, ni daktari wa nini? Amepima lini? Amekuta nini, kwa kipimo gani? Hali hiyo ni ya kudumu au inabadilika? Inamzuia nini mwanafunzi darasani, maktaba, bwenini na kwenye mtihani? Na mwisho, daktari anapendekeza afanyiwe nini? Swali la kuzuiwa nini ndilo kiini cha yote, na ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi.

Tuangalie macho. Chati ya herufi hutundikwa mita 6 kutoka kwenye kiti chako. Ukiandikiwa 6/60, maana yake ni kwamba herufi ambayo mwenye macho mazima angeisoma akiwa mita 60, wewe unaisoma ukiwa mita 6. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, jicho bora likiwa chini ya 6/18 huo ni upungufu wa kati, chini ya 6/60 ni mkubwa, na chini ya 3/60 ni upofu. Tarakimu hizo mbili zinamwambia msomaji wa barua zaidi ya ukurasa mzima wa masikitiko. Kwenye masikio ipo odiogramu, mchoro unaoonesha kwa desibeli sauti ndogo kabisa unayoisikia. Shirika hilohilo huhesabu kuwa ni upotevu wa usikivu unaohitaji huduma pale sikio bora linapopoteza zaidi ya desibeli 35.

Lakini kipimo peke yake ni nusu ya safari. Linganisha barua ile na maneno haya, ambayo nimeyaandika kama mfano: “Uoni wa jicho lake bora ni 6/60 hata akivaa miwani. Hali ni ya kudumu. Hawezi kusoma ubaoni popote atakapokaa, na maandishi ya kawaida huyasoma polepole, karatasi ikiwa karibu na uso. Napendekeza mitihani ichapwe kwa herufi kubwa, apewe vitini kabla ya kipindi, na aongezewe muda.” Sentensi nne. Ofisa wa chuo akizisoma anajua Jumatatu afanye nini.

Na barua ya mtendaji wa kijiji? Ina kazi yake: inasema wewe ni nani na unatoka wapi. Ofisa ustawi wa jamii naye anaweza kueleza hali ya nyumbani na kukuonesha njia. Ila kipimo cha macho au sikio hakitoki ofisi ya kijiji. Kwa watu wa bonde hili, njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, ukapewa rufaa, ukaishia Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Usisahau kitu kimoja kinachowachanganya wengi: matibabu unayafuata Ifakara, lakini Idete iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba. Kabla ya kupanda gari, ulizia ni Mganga Mkuu wa halmashauri ipi anayetakiwa kusaini fomu yako ya Bodi ya Mikopo.

“Fomu ya Bodi ya Mikopo imeshasainiwa, basi chuo kimeshajua.”

Si kweli.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inamtaka mwombaji mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, athibitishiwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Uthibitisho huo unaisaidia Bodi kupima uhitaji wako wa fedha. Haumwambii mhadhiri aongee akiwa amekutazama usoni ili usome midomo yake. Hauwaambii watu wa mabweni wakupe chumba cha chini. Bumu, yaani fedha ya mkopo, linaweza kuingia kwenye akaunti yako kwa wakati wake na bado ukashindwa kuingia darasani kwa sababu liko ghorofa ya tatu.

Hizo ni ofisi mbili zenye kazi mbili. Karatasi ya Bodi itolee kopi, na nyingine iandikiwe chuo.

“Baraza la Mitihani walinipa muda wa ziada, na chuo watanipa vilevile.”

Si kweli, ingawa ushahidi huo ni wa dhahabu.

Kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, Baraza la Mitihani la Tanzania huongeza dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na huandaa mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa. Huo ni utaratibu wa Baraza, na mamlaka yake yanaishia pale unapoweka kalamu chini kwenye karatasi ya mwisho ya kidato cha sita. Mitihani ya chuo kikuu hutungwa na kusimamiwa na chuo chenyewe, kwa kanuni zake. Huko unaanza upya.

Unachoweza kufanya ni kumwomba mkuu wa shule yako ya sekondari akuandikie barua fupi: mwanafunzi huyu alifanya mitihani kwa utaratibu huu, aliongezewa muda kiasi hiki, alitumia maandishi ya namna hii. Ofisa wa chuo anayeona kwamba jambo limeshafanyika na likafanya kazi hana sababu ya kubahatisha.

“Kifafa si ulemavu. Tena povu lake linaambukiza.”

Si kweli mara mbili.

Neno hili lina mizizi mirefu kwetu kuliko sehemu nyingi za nchi. Ng’ambo ya mto Kilombero, juu ya milima ya Mahenge, kifafa kimekuwa kingi kwa muda mrefu sana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Aliwakuta watu wenye makovu ya moto. Walikuwa wameangukia jikoni wakati wa degedege, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwavuta kwa sababu waliamini kumgusa mgonjwa, au mate yake, ni kuambukizwa. Wengine walitengwa hata kwenye sahani ya chakula.

Povu haliambukizi kifafa. Utafiti uliofuata Mahenge umeonesha kwamba vijiji vyenye usubi mwingi ndivyo pia vyenye kifafa kingi, na usubi huletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Ndiyo maana dawa ya ivamektini imegawiwa huko kwa miaka mingi. Wazee waliosema ugonjwa huu “unakwenda na mahali” walikuwa wameona jambo la kweli. Walikosea tu njia unayopitia.

Sasa, je, ni ulemavu? Rudi kwenye sheria: kinachotazamwa ni upungufu pamoja na kile unachokuzuia. Mwanafunzi ambaye degedege limetulia kwa dawa huenda asihitaji chochote zaidi ya mwenzake wa chumbani kujua la kufanya. Mwingine anatumia fenobabito, dawa ambayo huweza kuleta usingizi na kupunguza kasi ya kufikiri, na mtihani wake umepangwa saa moja na nusu asubuhi baada ya usiku wa kukesha. Kukosa usingizi nako ni miongoni mwa mambo yanayoamsha degedege. Huyu anahitaji barua inayotaja dawa, athari zake, na ombi lenye maana: mitihani miwili isiangukie siku moja, kitanda kiwe cha chini, na likitokea degedege katikati ya mtihani afanye mtihani maalumu badala ya kuhesabiwa kwamba amefeli.

Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu katika hali zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo ambayo familia huificha zaidi.

“Ukijaza kwamba una ulemavu, watakunyima nafasi.”

Si kweli kisheria, na waliotangulia ni ushahidi.

Sheria ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inataja elimu ya juu kwa jina na kuzitaka nchi zihakikishe marekebisho yanayofaa yanafanyika. Mkataba huohuo unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi.

Dk. Elly Macha, aliyekuwa haoni, alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu jinsia, ulemavu na elimu Tanzania, kisha akawa mbunge hadi alipofariki mwaka 2017. Dk. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, akateuliwa naibu waziri mwaka 2015, na baadaye akawa balozi wetu Ujerumani. Ulemavu wao ulijulikana wazi, na haukuwazuia kufika huko.

Sitakudanganya kwamba hakuna ofisa atakayekunja uso. Wapo. Ukikutana naye, omba jibu kwa maandishi. Hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

“Siri yako itabandikwa ubaoni.”

Si kweli, au tuseme haitakiwi kuwa kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mhadhiri anahitaji kujua kwamba uongezewe muda. Jina la ugonjwa wako na dawa unazomeza si lazima ayajue. Unapokabidhi faili kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi au kitengo cha mahitaji maalumu, uliza wazi: nani atalisoma? Swali hilo si utovu wa adabu.

“Muda wa ziada ni upendeleo.”

Si kweli. Jaribu hivi nyumbani. Chukua ukurasa wa gazeti, usogeze mpaka karibu uguse pua, usome habari nzima huku umekadiriwa dakika. Hivyo ndivyo anavyosoma mwenye uoni hafifu, saa tatu mfululizo, shingo imeinama. Maswali anayoyajibu ni yaleyale na alama za kufaulu ni zilezile. Anaongezewa muda kwa sababu macho yake yanautumia mwingi kabla akili haijaanza kazi.

“Mficha uchi hazai.”

Kweli tupu. Wazee waliisema kwa mambo mengine na inafaa hapa bila kupunguzwa neno. Chuo hakiwezi kutoa mkalimani wa lugha ya alama kwa mtu ambaye hakijui kwamba ni kiziwi.

“Hujafa hujaumbika.”

Kweli pia, tena ina funzo la kiofisi. Wapo wanaoingia mwaka wa kwanza wazima na kuumia mwaka wa pili, wengine kwa ajali ya bodaboda. Karatasi si ya siku ya usajili peke yake. Hali ikianza katikati ya masomo, au ile ya zamani ikizidi, unapimwa na kuandikiwa wakati huohuo. Hata mkono wa kuandikia ukivunjika wiki mbili kabla ya mtihani, barua ya daktari ina kazi.

“Mali bila daftari huisha bila habari.”

Kweli, na haki ni mali. Umeongea na ofisa, akakukubalia kwa mdomo, mwezi uliofuata akahamishwa. Nani atakumbuka? Kila mnachokubaliana kiandikwe, kiwe na tarehe, na wewe ubaki na nakala.

“Hayo yote utayafanya ukishafika chuoni.”

Si kweli. Hili ndilo la mwisho, na kwa watu wa Kilombero ndilo zito kuliko yote. Vyuo hufunguliwa mwishoni mwa mwaka, karibu na mvua zinapoanza kutunyeshea. Mvua ikishashika hadi Mei, bonde hujaa maji, na kumwita mzazi akatafute saini Mlimba au kipimo Ifakara ni kumtuma kwenye matope. Mgeni wa mwaka wa kwanza, asiyejua hata jengo la utawala lilipo, naye hana siku tatu za kupanga foleni hospitali ya mjini.

Kiangazi ndicho kipindi chake. Barabara ikiwa kavu, kati ya Juni na Septemba, panda gari na kijana wako, beba cheti cha kuzaliwa, kadi za kliniki za zamani na barua ya mkuu wa shule. Ukiwa mbele ya daktari, mwombe kwa heshima aongeze sentensi moja inayosema hali hii inamzuia nini mwanafunzi darasani. Isome pale pale kabla hujaondoka. Kisha toa kopi tatu: ya Bodi, ya chuo, na ya kubaki nyumbani Idete.